Siku Moja Montenegro Kutokea Dubrovnik: Mpaka Ndio Unaopanga Safari

Kosa kubwa la safari hii hufanyika kabla basi halijawashwa. Mtu yuko Dubrovnik, kaja na viza ya Schengen, yaani ya lile eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti kati yao, aliyobandikiwa Dar es Salaam au Nairobi, anaona tangazo la matembezi ya siku moja Montenegro, kilomita 90 hivi hadi Kotor, analipa. Hajafungua pasipoti kutazama pale kwenye viza panapoonyesha idadi ya mara za kuingia. Kama pameandikwa 01, basi safari hiyo ni ya kwenda tu.

Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia euro. Montenegro haimo Schengen wala Umoja wa Ulaya. Ukivuka kwenda Herceg Novi, mji wa Montenegro ulio karibu na mpaka, umetoka Schengen kabisa, sawa na aliyepanda ndege kurudi nyumbani, na viza ya kuingia mara moja imemaliza kazi yake papo hapo hata kama ina siku 20 zilizobaki. Jioni ukijitokeza mpakani, afisa wa Kroatia hana namna ya kukuingiza. Kinachobaki ni kutafuta ndege ya kwenda nyumbani kutoka Podgorica au Tivat bila kugusa Schengen, ambayo aghalabu ni kupitia Istanbul, huku sanduku lako liko hotelini Dubrovnik na tiketi yako ya kurudi inaanzia mji mwingine. Hasara hiyo inaweza kuzidi gharama ya likizo nzima.

Viza inayofaa ni yenye 02, yaani kuingia mara mbili, au MULT, mara nyingi. Ukiwa bado hujaomba viza, andika kwenye fomu kwamba unaomba kuingia zaidi ya mara moja, na katika ratiba unayoambatisha itaje ile siku ya Montenegro waziwazi. Anayeomba bila kueleza sababu mara nyingi hupewa 01, na halaumiwi afisa.

Upande wa Montenegro wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Pasipoti za Afrika Mashariki kwa kawaida zinahitaji viza ya nchi hiyo, lakini mwenye viza halali ya Schengen, Uingereza au Marekani, au kadi ya ukaazi ya nchi hizo, huruhusiwa kuingia bila viza ya Montenegro kwa muda usiozidi siku 30. Angalia tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje wiki moja kabla, maana kanuni za viza hubadilishwa bila kupiga ngoma. Na usichanganye mambo mawili: viza ya Uingereza inakuingiza Montenegro, lakini haikurudishi Kroatia.

Wanaoishi Ulaya wana kosa lao. Wenzao wa Ujerumani au Italia wanavuka mpaka huu kwa kitambulisho cha taifa, nao wanadhani kadi ya ukaazi inafanya kazi hiyohiyo, wanaacha pasipoti hotelini. Kadi peke yake haivushi mtu. Pasipoti na kadi huenda pamoja, zote mbili zikiwa hazijaisha muda. Aliyepeleka kadi kufanywa upya na akapewa barua ya kusubiria aisome neno kwa neno, kwa sababu si kila barua ya aina hiyo inamruhusu mtu kurudi akishatoka Schengen. Na mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, na tunao ndugu wengi wa Kongo na Burundi wenye hati hizo, asijipimie kwa kanuni za mwenye pasipoti. Aandikie ubalozi wa Montenegro kabla ya kulipa hata senti, asubiri jibu la maandishi, alichapishe aende nalo.

Mtego mdogo mwingine uko kabla hujafika Dubrovnik. Pwani ya Kroatia imekatwa na kipande cha Bosnia na Herzegovina pale Neum. Daraja la Pelješac lililofunguliwa Julai 2022 linakiruka kipande hicho, lakini basi linalotoka Split linaweza bado kupita Neum. Mwenye 01 aulizie njia kabla ya kukata tiketi.

Tuseme makaratasi yako sawa. Sasa ni usafiri, na hapa ndipo pesa na muda vinapotupwa.

Matembezi ya kikundi kwa basi la watalii huanzia karibu 50 euro kwa mtu, na bei hiyo kwa kawaida haina chakula, kiingilio cha ukuta wa Kotor wala boti ya Perast. Kinachotangazwa ni Perast, Kotor na Budva kwa siku moja. Kabla hujafurahi piga hesabu: tangu unachukuliwa hotelini hadi unarudishwa ni kama saa 12. Toa 5 za barabarani, toa 2 za mipakani kama bahati ipo. Zinabaki 5 kwa miji mitatu, na humo humo mna mlo wa mchana, foleni ya choo na kumsubiri yule mtu mmoja anayechelewa kila kituo. Kotor unapewa saa moja na nusu, na ukuta hauupandi. Hata hivyo aliye peke yake, asiyeendesha gari na asiyejua lugha, achague basi la kikundi tu, kwa sababu dereva wake anavuka mpaka huo kila siku na hatakuacha upande wa pili. Aulize jambo moja tu: Kotor tunakaa muda gani? Kampuni inayotaja miji miwili badala ya mitatu ndiyo ya kupewa pesa.

Basi la kawaida linaondoka kituo kikuu cha Dubrovnik, ambacho kipo Gruž bandarini, si mji mkongwe. Nauli huwa kati ya 20 na 30 euro kwa upande mmoja, na begi linalowekwa tumboni mwa basi hulipiwa euro moja au mbili, taslimu, mkononi mwa kondakta. Kituo cha Kotor kiko mwendo wa dakika 10 kwa miguu hadi mji wenye ukuta. Tatizo lake ni la kurudi: mabasi ni machache, nje ya msimu wa kiangazi yanapungua zaidi, na la mwisho halikusubiri. Kata tiketi ya kurudi kwanza, ndipo ukate ya kwenda.

Gari la kukodi ndilo linaloifanya siku iwe siku, hasa mkiwa watatu au wanne. Mwambie mwenye gari siku ya kuweka oda, si siku ya kupewa ufunguo, kwamba utavuka mpaka. Atakupa karatasi ya ruhusa na kadi ya kijani ya bima, na mara nyingi atatoza ada. Watu hukwepa ada hiyo kwa kunyamaza. Ukivuka bila ruhusa bima imekufa, na barabara ya kuzunguka ghuba ya Kotor ina ukuta wa mawe upande mmoja na bahari upande wa pili, na basi la watalii linalokuja mbele yako halina mahali pa kujibana. Ubavu wa gari ukikwaruzwa pale utaulipa wewe hadi senti ya mwisho. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako. Ndani ya Montenegro taa za mbele zinawashwa mchana na usiku, na kuzisahau ni faini. Aliyezoea kuendesha kushoto kama kwetu asijaribu kulia kwa mara ya kwanza kwenye barabara hii. Afanye mazoezi siku mbili Kroatia kwanza.

Neno kuhusu saa, kwa kuwa limewaachisha watu basi. Tiketi ikiandika 07:00 ni saa moja asubuhi ya Kiswahili. Hapa chini natumia saa zetu, ila ukiongea na dereva taja ile iliyoandikwa.

Safari nzuri inaanza Dubrovnik saa 12 asubuhi, au saa 11 kama ni Julai au Agosti. Barabara inapita juu ya Cavtat na uwanja wa ndege wa Čilipi, inaingia bonde la Konavle lenye mizabibu na misonobari myembamba iliyosimama kama minara, na baada ya dakika 45 hivi uko Karasovići, mpaka wa Kroatia. Mbele yake, baada ya kipande kifupi cha barabara, ni Debeli Brijeg, mpaka wa Montenegro. Ni vituo viwili na foleni mbili. Asubuhi na mapema unavuka vyote kwa dakika 20. Saa 3 au saa 4 asubuhi ya Agosti, mabasi yote ya watalii yakiwa yameshafika, saa nzima hadi mbili ni kitu cha kawaida, na hakuna kivuli wala duka. Nenda chooni kabla ya kuondoka na ubebe maji.

Foleni inarefuka kwa sababu rahisi: kila pasipoti inapitishwa kwenye mashine na basi moja lina watu 50. Mkiwa kwenye basi, ama kondakta anakusanya pasipoti zote ama mnashuka mmoja mmoja dirishani. Na hapa tuseme ukweli bila kupaka sukari. Ukiwa ndiye peke yako mwenye pasipoti ya Kiafrika ndani ya basi hilo, kuna uwezekano mkubwa yako ndiyo itakayopekuliwa ukurasa kwa ukurasa, itakayopigiwa simu, na watu 49 watakaa kimya wakikutazama. Inaudhi, na mtu huona aibu ambayo si yake. Dawa yake ni ya makaratasi: kaa na mfuko mmoja wa plastiki wenye pasipoti iliyofunguliwa kwenye ukurasa wa viza, kadi ya ukaazi kama unayo, oda ya hoteli ya Dubrovnik ya usiku huohuo, tiketi ya ndege ya kurudi na cheti cha bima ya safari. Afisa akikuuliza unakwenda wapi, jibu kwa maneno mawili, Kotor, leo. Maelezo marefu ndiyo yanayozaa maswali. Ukipewa muhuri wa Montenegro, hakikisha unasomeka.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaochukua alama za vidole na picha ya uso ya mgeni wa muda mfupi badala ya kugonga muhuri. Wenye kadi za ukaazi hawamo. Anayesajiliwa kwa mara ya kwanza hukaa dirishani muda mrefu zaidi, kwa hiyo ongeza nusu saa kwenye hesabu yoyote ya zamani utakayosoma.

Wenye gari dogo wana njia ya pili: mpaka mdogo karibu na bahari, Vitaljina kwa Kroatia na Kobila kwa Montenegro. Barabara yake ni nyembamba na mabasi makubwa hayapiti. Angalia kwenye ramani ya simu asubuhi hiyo kama uko wazi, kisha amua. Ramani hiyo ipakue kabla, kwa sababu laini ya Umoja wa Ulaya ikishavuka inatozwa bei ya nje, na kuna waliorudi na deni la bando kubwa kuliko nauli. Zima intaneti ya simu ukiwa bado Karasovići. Ukihitaji mtandao, laini za watalii zinauzwa vibandani Herceg Novi kwa bei nafuu, ingawa kwa siku moja mkahawa wenye intaneti ya bure unatosha.

Fedha ni euro, ingawa nchi haimo katika Umoja. Ilitumia mark ya Ujerumani tangu 1999, na euro ilipokuja 2002 ikaipokea tu. Mashine za kutolea pesa hukata ada ya euro kadhaa kwa kadi ya nje, basi beba taslimu kutoka Kroatia, 60 hadi 80 euro kwa mtu, na ziwe noti ndogo. Boti, vyoo na maegesho havipokei kadi kwa uhakika.

Ukishavuka unashuka hadi Igalo na Herceg Novi, na ghuba inafunguka. Waongozaji wengi huiita fyodi, lakini barafu haikuichimba: ni bonde la mto lililozamishwa na bahari, Boka Kotorska kwa jina lake, lenye vyumba vinne vya maji vilivyounganishwa kwa milango myembamba. Mlango mwembamba kuliko yote ni Verige, mita 340 hivi. Karibu nao kuna pantoni ya magari, Kamenari kwenda Lepetane, inayofanya kazi usiku na mchana na kuvuka kwa dakika 10 kwa euro chache. Anayekwenda Tivat au Budva aipande. Anayekwenda Perast asiipande, hata simu ikimwambia ni njia fupi ya Kotor, kwa sababu ataiacha Perast upande wa pili wa maji. Kosa hili linafanyika kila siku.

Perast ifike kabla ya saa 3. Ni mstari mmoja wa nyumba za mawe za manahodha, zilizojengwa enzi Venice ilipotawala ghuba, kuanzia 1420 hadi 1797. Kiangazi magari ya wageni hayaingii ndani: unaegesha mwanzoni au mwishoni mwa mji, unalipa, unatembea. Gatini vijana watakuita boti, boti. Nauli ya kwenda na kurudi hadi kisiwani huwa 5 euro kwa mtu, na hailipwi zaidi kwa sababu boti ni tupu. Kubaliana pia muda wa kufuatwa, dakika 30 hadi 40.

Visiwa ni viwili. Chenye misonobari, Sveti Đorđe, ni cha asili na wageni hawashushwi. Unachokwenda ni Gospa od Škrpjela, na hiki kilitengenezwa na watu. Wenyewe husimulia kwamba tarehe 22 Julai 1452 mabaharia waliona picha ya Bikira Maria na mtoto juu ya mwamba baharini, wakaanza kutupa mawe na kuzamisha mashua zilizochakaa hadi kikawa kisiwa, na kila tarehe 22 Julai boti bado huenda jioni kutupa mawe mapya. Ubavuni mwa kanisa kuna jumba dogo la makumbusho, kiingilio euro chache. Usitoke bila kuitazama picha iliyotariziwa na Jacinta Kunić-Mijović: aliishona miaka 25, akitumia nywele zake mwenyewe kwa vichwa vya malaika, na inasimuliwa kuwa nywele hizo hubadilika rangi kadiri mshonaji alivyozeeka. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja begani inamaliza kazi hiyo, na pia jua la mchana.

Kutoka Perast hadi Kotor ni kama kilomita 12, dakika 20 barabara ikiwa tupu. Kabla ya siku yenyewe fungua ratiba ya meli za watalii ya bandari ya Kotor, iko wazi kwa kila mtu. Meli moja kubwa inamwaga maelfu ya watu ndani ya mji unaovukwa kwa dakika 5, na zikiwa mbili, vichochoro vinakuwa Kariakoo ya mkesha wa Idi bila bidhaa za maana. Abiria hao hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kama tarehe yako inaweza kusogea, isogeze.

Ingia kwa Lango la Bahari la 1555. Juu yake kuna nyota na maneno ya Tito, aliyekuwa kiongozi wa Yugoslavia, cha wengine hatukitaki na chetu hatukitoi, pamoja na tarehe 21 Novemba 1944, siku mji ulipokombolewa. Ndani, kanisa kuu la Mtakatifu Tryphon lilitabarukiwa 1166, na minara yake miwili ilijengwa upya baada ya tetemeko la 1667. Tetemeko jingine la 15 Aprili 1979 liliubomoa mji tena, na mwaka huohuo UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia, hivyo mawe mengi unayoyakanyaga yamerudishwa mahali pake na mafundi wa zama zetu. Haya mji mkongwe wa Zanzibar ungependa kuyasikia. Paka ni wengi, wanene, na wana duka lao la zawadi.

Ukuta ndio sababu ya kuja, na ndio unaoshinda watu. Ngazi ni kama 1,350 hadi ngome ya Sveti Ivan, mita 260 juu ya bahari. Kiingilio kilikuwa 8 euro kwa miaka mingi, kisha kikapandishwa hadi 15. Anayekwenda polepole anapanda kwa dakika 50 hadi 60 na kushuka kwa 30 hadi 40. Mawe yamelainishwa na miguu ya karne nyingi, yanateleza hata yakiwa makavu, na ndala ndizo zinazovunja vifundo vya miguu hapo. Viatu vya raba vyenye kushika, maji lita moja na nusu kwa mtu, kofia. Kivuli karibu hakuna. Ukianza saa 6 mchana mwezi wa Agosti utapanda ukiwa unachemka, na wapo wanaoteremshwa kwa kushikwa mikono. Njia mbili zinafaa: anza mara tu kibanda cha tiketi kinapofunguliwa, maana yake Perast inakuwa ya mchana, au panda baada ya saa 10 jioni na ukubali kurudi Dubrovnik usiku. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu jua linapungua ukali na foleni ya mpakani imepungua utakapofika.

Mwenye magoti mabovu apande theluthi moja tu hadi kanisa la Gospa od Zdravlja, dakika 20. Picha nzuri ya paa nyekundu na ghuba hupigwa pale, si kileleni. Na asiyetaka kulipa 15 ana njia ya zamani ya nyumbu wa kubeba mizigo inayoanzia nje ya lango la kaskazini, ng'ambo ya mto Škurda, inayopinda na kupinda kuelekea Krstac, juu mlimani. Ni bure, mteremko wake ni mpole kuliko wa ngazi, na mandhari ni yaleyale.

Vuli ni habari nyingine. Milima juu ya ghuba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Ulaya. Kijiji cha Crkvice juu ya Risan hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Novemba ikinyesha, acha ukuta, na pesa ya kiingilio itumie kula.

Chakula ndani ya ukuta wa Kotor ni 15 hadi 25 euro kwa sahani. Toka nje, tembea dakika 10 kuelekea Dobrota, bei inashuka. Asiyekula nguruwe akariri neno moja, svinjetina. Pršut inayosifiwa kila mahali, ya kijiji cha Njeguši, ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Ćevapi, vipande vya nyama ya kusaga vilivyochomwa, huweza kuchanganywa na nguruwe, usidhani ni ng'ombe kwa kuwa zinafanana na zile za Sarajevo. Burek sa sirom, ya jibini, kutoka duka la mikate, ni euro mbili tatu na inashibisha hadi jioni. Samaki, ngisi na kome wa ghuba hawana shida hiyo ya nguruwe, na wali mweusi wa ngisi, crni rižot, una ladha nzuri na unapaka meno wino.

Yasiyoingia kwenye siku moja yasilazimishwe. Budva huwekwa kwenye ratiba kwa ajili ya ufukwe na maduka, na Sveti Stefan huishia kupigwa picha kutoka barabarani. Kebo ya kwenda mlima Lovćen, iliyofunguliwa 2023, inakupandisha kwa dakika 11, lakini kituo chake kiko Dub, nje ya Kotor, na kinahitaji gari. Ukiichagua, acha ukuta.

Kinachouma kukiacha ni Ulcinj, kusini kabisa mpakani na Albania. Mabaharia wa mji ule waliwaleta Waafrika waliouzwa Tripoli, wakawaweka hapo, na vizazi vyao vikawa watu wa Ulcinj, mabaharia na wakulima. Aliyejulikana zaidi katika karne ya 20 ni mpiga picha Rizo Šurla. Kiwanja kidogo ndani ya mji mkongwe bado kinaitwa cha watumwa. Kutoka Dubrovnik huwezi kwenda na kurudi kwa siku moja ukabaki na nguvu ya kutazama kitu, hivyo kipe usiku wake mwenyewe.

Kurudi: ondoka Kotor kabla ya saa 8 mchana, au baada ya saa 2 usiku. Katikati ya hapo ndipo kila basi lililokuja asubuhi linapojipanga Debeli Brijeg, na foleni ya kuingia Schengen ni ya polepole kuliko ya kutoka. Usiweke ndege ya usiku huo kwa hali yoyote.

Wale walionunua pršut na jibini ya Njeguši kwa zawadi watazila garini kabla ya Karasovići. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia, hata kipande kilichofungwa kwa lakiri, na vinatupwa mbele ya macho yako. Asali kidogo na mvinyo chupa moja hupita.

Anayehesabu siku zake 90 za Schengen, zile anazoruhusiwa kukaa ndani ya kila siku 180, asijidanganye kwamba hii ameiokoa. Siku ya kutoka huhesabiwa, na ya kuingia huhesabiwa, nazo kwako ni siku moja.